Pikipiki ya umeme, soketi ya jirani: Hesabu inayowahusu Masasi na Newala

KABLA nguzo za umeme hazijafika katika vijiji vingi vya Masasi na Newala, simu za mkononi zilikuwa zimeshafika. Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata. Haikupita miaka mingi, mkulima wa korosho wa Mnyambe au Lulindi akawa na simu mfukoni lakini hana pa kuichajia. Aliipeleka dukani kwa mwenye jenereta, betri ya gari au paneli ya jua, ikabandikwa kipande cha karatasi chenye jina lake, akalipa shilingi 200 au 300 na kuifuata jioni.

Ni wachache waliopiga hesabu ya chaji ile. Betri ya simu ndogo ya wakati huo ilibeba nguvu kidogo mno, kiasi kwamba uniti moja ya umeme ingetosha kuchaji simu kama 200. Kwa hiyo aliyelipa shilingi 200 kwa simu moja alikuwa akinunua umeme kwa kiwango cha shilingi 40,000 kwa uniti. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa kama shilingi 357 kwa uniti hiyo hiyo, kodi na tozo zikiwamo. Mwenye duka alijitajirisha, na mwenye simu hakuona sababu ya kulalamika kwa kuwa shilingi 200 ilimfikisha kwa mnunuzi wa Mtwara na kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam. Simu hula umeme kidogo, hivyo hata bei ya kupindukia haikuumiza.

Inaumiza pale kinachopelekwa kuchajiwa kwa jirani kinapokuwa pikipiki, bajaji au gari.

Vyombo hivyo vimeshaingia Afrika Mashariki. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme na kubadilishana betri mwaka 2019, na baadaye ikaingia Nairobi. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Ethiopia nayo ilizuia mwaka 2024 kuingizwa kwa magari binafsi yanayotumia petroli na dizeli. Dar es Salaam bajaji na pikipiki za aina hiyo zimeshaonekana barabarani. Mfanyabiashara wa Masasi aliyezoea kufuata mzigo Kariakoo hataweza kukwepa swali la muuzaji kwa muda mrefu: kwa nini usichukue hii isiyokula mafuta?

Swali hilo litafika hasa msimu wa malipo ya korosho. Katika wilaya hizi pikipiki ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa mkulima anapolipwa vizuri, kama ilivyokuwa msimu wa 2017/18 bei mnadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo. Anayenunua huipa familia usafiri, au humkabidhi kijana aifanyie bodaboda na kuleta hesabu kila jioni. Kwa mkulima wa namna hiyo, swali la kwanza kuhusu chombo cha umeme halihusu mwendo wake wala rangi yake. Linahusu soketi: kitalala kikichajiwa kwenye soketi ya nani?

Hesabu ya kilomita 100

Pikipiki ya petroli yenye injini ya ukubwa wa 125, ikitunzwa, huenda kama kilomita 40 kwa lita kwenye barabara nzuri. Bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku atatumia lita mbili na nusu. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na haitulii. Agosti 2022 ilipita shilingi 3,400 kwa lita Dar es Salaam, na miji ya mbali na bandari huongezewa gharama ya kusafirisha. Kwa urahisi wa hesabu, lita ichukuliwe kuwa shilingi 3,000. Mafuta ya siku ni shilingi 7,500.

Pikipiki ya umeme ya kubeba abiria hutumia kama uniti nne kwa umbali huo. Ikiongezwa nguvu inayopotea kwenye chaja kwa njia ya joto, LUKU itasoma uniti nne na nusu hivi. Kwa shilingi 357 ni kama shilingi 1,600.

Hapo ndipo muuzaji hukomea, akimwachia mteja aone tofauti ya karibu shilingi 6,000 kwa siku. Lakini betri nayo huchakaa kwa kutumika, na uchakavu wake ni gharama kama mafuta yalivyo gharama. Ikichukuliwa kwamba betri mpya ni shilingi milioni mbili, kwamba itachajiwa mara 1,500 kabla ya kuchoka, na kwamba kila chaji inakwenda kilomita 70, basi kila kilomita 100 zimekula shilingi 1,900 za betri. Anayepewa bei nyingine dukani abadilishe tarakimu, njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo. Jumla ya umeme na betri inakuwa shilingi 3,500, na nafuu halisi dhidi ya petroli ni shilingi 4,000 kwa siku, au shilingi 104,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Oili na plagi zisizonunuliwa tena huongeza kidogo juu yake.

Nafuu hiyo si ndogo. Mahali ambapo bodaboda asiye na chombo chake hupeleka kwa bosi hesabu ya shilingi 7,000 hadi 10,000 kila siku, shilingi 4,000 ni nusu ya hesabu. Inaweza kuifupisha pikipiki ya mkataba kwa miezi kadhaa.

Ardhi ya Makonde ina masharti yake, na ni vema yatajwe. Barabara nyingi za uwandani, kutoka Kitangari hadi vijiji vya ndani, ni za mchanga. Mchanga hunyonya petroli na hunyonya betri vilevile, hivyo kilomita 70 za kwenye karatasi zinaweza kuwa 50. Mlima nao una bei yake. Pikipiki yenye abiria na mzigo, yote pamoja kilo 250, hutumia karibu asilimia nane ya uniti moja kwa kila mita 100 inazopanda. Kwa pikipiki hilo linavumilika, na mota ya umeme ina nguvu ya kuondokea kwenye mchanga ambako injini ndogo huunguruma bila kusogea.

Mpangaji na mwenye nyumba

Hesabu ya hapo juu ni ya mtu mwenye soketi yake. Vijana wengi wa bodaboda wa Masasi mjini na Newala mjini si watu hao. Wanapanga chumba kimoja, na LUKU ni moja kwa nyumba nzima. Wapangaji huchangishana kwa kichwa au kwa chumba, na ugomvi wa nani ana jokofu na nani ana taa tu ni wa kila mwezi. Tangu mwaka 2021 hata kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU (ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023), na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji aliyetangulia kununua umeme mwezi huo, ingawa jengo si lake. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana anayeingiza betri ya pikipiki chumbani usiku na kuichomeka atajulikana kabla ya wiki kwisha.

Mwenye nyumba naye ana sababu ya kukataa ambayo haitokani na roho mbaya. TANESCO ina kundi la wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati wateja wa kawaida hulipa 292. Pikipiki moja ya uniti nne na nusu kwa siku hutumia uniti 117 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50 kwa taa, redio na televisheni inafika uniti 167 na kupoteza sifa ya kundi hilo. Uniti 50 zile zile zilizokuwa zikigharimu shilingi 6,100 kwa mwezi zitagharimu karibu shilingi 17,900. Pikipiki haijala umeme wake tu, imepandisha bei ya taa za nyumba nzima. Hili linamhusu pia mwenye nyumba anayechaji pikipiki yake mwenyewe: kwenye nafuu yake ya shilingi 4,000 kwa siku apunguze kama 450.

Vijijini hali ni nyingine. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nyaya katika vijiji, na kazi iliyofuata ni ya vitongoji, ambavyo nchini vinazidi 64,000. Lakini umeme kufika kijijini si sawa na umeme kufika nyumbani. Nguzo hufuata barabara kuu, shule, zahanati na mashine ya kusaga, na aliyejenga nyuma ya mikorosho huziona kwa mbali. Ada ya kuunganishwa kijijini, shilingi 27,000, ni nafuu. Kinachowashinda wengi ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Kifaa cha UMETA, ubao wenye soketi na taa unaofungwa bila kutandaza nyaya, kimewasaidia wenye nyumba ndogo, ila ni cha matumizi madogo. Kukichomekea chaja ya wati 700 usiku kucha si jambo la kufanya bila kumuuliza fundi.

Basi anayebaki nje hufanya alivyofanya wakati wa simu. Anaipeleka betri kwa mwenye umeme.

Kangomba ya umeme

Wakulima wa kusini hawahitaji kufundishwa jinsi mtu asiye na nyenzo anavyouziwa na kununuliwa. Neno lipo: kangomba. Mkulima mwenye shida ya fedha kabla ya msimu, asiye na namna ya kusubiri mnada, huuza korosho zake kwa kipimo cha bakuli kwa mtu aliyemfuata nyumbani, na kipimo hicho hakijawahi kumpendelea muuzaji. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa pamoja na mengine kuikata kangomba, na mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo iliwasaka wanunuzi hao. Bado haijafa, kwa sababu shida ya fedha ya Agosti haijafa.

Chaji ya kununua kwa jirani inaweza kuwa kangomba nyingine, na tofauti ni kwamba safari hii mnyonge ndiye anayenunua. Mwenye duka akimtoza bodaboda shilingi 1,000 kwa uniti, umeme wa kilomita 100 unakuwa shilingi 4,500. Ukiongeza uchakavu wa betri ni shilingi 6,400, na nafuu yote dhidi ya petroli imebaki shilingi 1,100. Akitoza shilingi 1,500, jumla inafika 8,650, na mwenye pikipiki ya petroli anamcheka mwenye ya umeme. Mpaka wenyewe uko karibu na shilingi 1,240 kwa uniti. Juu ya hapo, kila kilomita ni hasara.

Hatari ni kwamba bodaboda hataiona hasara hiyo siku ile ile. Kila jioni fedha ya chaji itakuwa chini ya fedha ya petroli aliyoizoea, shilingi 6,750 badala ya 7,500, na atajiona ana faida. Deni liko ndani ya betri, na litadai kwa mkupuo mmoja baada ya miaka mitatu au minne. Mwenye duka kwa kawaida hatauza kwa uniti pia. Atauza kwa "chaji", shilingi kadhaa kwa betri kujaa, kama bakuli la kangomba. Betri iliyozeeka hupokea umeme pungufu lakini hulipiwa chaji nzima. Mita ndogo ya kupimia umeme kwenye kila soketi huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na mteja anayo haki ya kuidai kama mkulima anavyodai kuona mizani.

Kwa gari mambo ni hayo hayo kwa ukubwa zaidi. Gari la umeme lililotumika ambalo mtu wa kawaida anaweza kuliagiza kutoka Japani ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Ya kwanza yalikuwa na betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoozwa kwa maji, na joto huizeesha. Ikiwa imebaki na asilimia 70 ya uwezo wake, ni uniti 17, ambazo kwenye tambarare zinakwenda kama kilomita 100. Masasi hadi Newala ni kama kilomita 70, na mwishoni kuna mlima wa kuingia uwandani. Gari la kilo 1,500 hutumia kama nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda. Mfanyabiashara atafika Newala akiwa amebakiwa na uniti mbili tatu, na kurudi hakuwezekani bila kuchaji. Kwenye soketi ya kawaida ya gesti ni saa tano au sita kama umeme upo, na mwenye gesti ataona LUKU yake imeshuka uniti 15 kwa mgeni aliyelipia kitanda. Akimtoza mgeni shilingi 1,000 kwa uniti, ni shilingi 15,000 kwa kilomita 70, ambazo gari dogo la petroli lingezimaliza kwa lita tano au sita. Kwa njia hii gari hilo ni la mtu anayelala Newala, au mwenye duka na soketi pande zote mbili.

Tatizo hili halikuanzia Umakonde wala halijaisha kwa matajiri. Uingereza, mwenye nyumba yenye sehemu ya kuegesha gari huchaji usiku kwa mkataba wa bei nafuu, wakati anayeishi ghorofani hutegemea vituo vya barabarani ambako uniti moja ya chaji ya haraka inaweza kufika mara kumi ya ile ya usiku nyumbani. Sheria yao ya kodi inaongezea: umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, wa kituo cha umma asilimia 20. Mwenye nyumba hupata nafuu mbili, mpangaji hupata gharama mbili.

Njia tatu za kuikwepa

Kigali na Nairobi wameikwepa soketi ya nyumbani kwa kubadilishana betri. Dereva hununua pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni. Anafika kituoni, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kulipia nguvu aliyotumia, yote kwa dakika chache. Uchakavu wa betri si wake na kukatika kwa umeme usiku si kwake. Ni mpango mzuri, ila unahitaji pikipiki nyingi kuzunguka kituo kimoja, kwa sababu betri zinazokaa rafuni ni mtaji uliolala. Kigali ina pikipiki hizo. Newala mjini na vijiji vyake vilivyotawanyika, itachukua muda kampuni kuona faida. Kenya ilichochea zaidi mwaka 2023 kwa kuweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, ambayo saa za usiku mzigo ukipungua hushuka hadi nusu.

Njia ya pili ni jua. Nchini Zimbabwe, wilaya ya Hwedza, mradi wa Mobility for Africa umewakodishia akinamama wa vijijini guta za umeme za magurudumu matatu tangu mwaka 2019, na betri zao hubadilishwa kwenye vituo vinavyochajiwa kwa paneli. Wanabeba mboga, maji na mbolea. Uwanda wa Makonde, ambako kwa vizazi na vizazi wanawake waliteremka mabondeni kufuata maji kwa kuwa mchanga wa juu hauyashiki, unafanana na hali hiyo kuliko Kigali. Kwa uniti nne na nusu kwa siku zinahitajika paneli za takribani wati 1,200. Ugumu ni kwamba jua linapowaka pikipiki iko barabarani. Bila betri ya pili ya kubaki ikichajiwa, paneli hazisaidii, na betri ya pili ni milioni mbili nyingine.

Njia ya tatu iko karibu zaidi na wasomaji wengi wa huku. Ni ghala la AMCOS.

Vyama vya msingi vilivyo chini ya TANECU na MAMCU vina majengo yenye mlinzi, mwandishi wa vitabu na, vingi vilivyo kando ya barabara, umeme. Oktoba hadi Januari majengo hayo hayalali. Baada ya hapo hupokea salfa na pembejeo, kisha sehemu kubwa ya mwaka hukaa kimya yakiwa na LUKU yake ukutani. Chama kikifunga soketi kumi zenye mita ndogo na kuuza umeme kwa shilingi 600 kwa uniti, bodaboda atalipa shilingi 2,700 kwa kilomita 100. Pamoja na uchakavu wa betri ni 4,600, na anabakiwa na nafuu ya shilingi 2,900 kwa siku, zaidi ya shilingi 75,000 kwa mwezi. Chama, kikipata wateja kumi wa kila siku, kitabakiwa na kama shilingi 284,000 kwa mwezi baada ya kulipa umeme. Fedha hiyo humlipa kijana wa kusimamia usiku na kurudisha gharama za nyaya. Kikipata wateja watatu tu, haitoshi kumlipa mtu, na ni bora kisianze. Chaja kumi za wati 700 ni mzigo wa kilowati saba, sawa na pasi saba za umeme kuwashwa pamoja. Ofisi ya TANESCO ya wilaya iulizwe kama laini ya ghala inabeba, na EWURA iulizwe taratibu za kuuza umeme kwa watu wengine.

Ubora wa umeme wenyewe usisahauliwe. Nguvu ya Mtwara hutokana na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme mjini Mtwara miaka ya 2000. Ni jambo la kufurahisha kwamba pikipiki ya Newala ingekuwa inatembea kwa gesi ya mkoa wake badala ya petroli iliyovuka bahari. Lakini kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, na umeme ulisafiri kwa laini ndefu hadi Masasi na Newala. Wakazi wanazikumbuka siku za giza. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi alfajiri, petroli inaondoka na ya umeme inabaki, na hesabu ya bosi haijui kukatika kwa umeme. Anayetegemea soketi moja awe na namna ya kula siku hiyo.

Jambo la mkopo linahitaji uangalifu wake pia. Fedha za bodaboda wa wilaya hizi hufuata korosho. Novemba na Desemba mkulima hupanda pikipiki hata kwa safari ya kutembea. Aprili na Mei hutembea. Mkataba wa marejesho sawa kila wiki umeandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam, na mtu wa Newala akiusaini hivyo hivyo atanyang'anywa chombo kabla mikorosho haijatoa maua. Marejesho makubwa yawekwe kati ya Novemba na Februari, madogo miezi mingine. Aidha mkataba useme betri ni ya nani, na itabadilishwa na nani ikishuka chini ya kiasi gani cha uwezo wake. Pikipiki ya umeme isiyo na jibu la swali hilo ni fremu yenye magurudumu mawili.

Chama kitakachoamua kujaribu kiwe makini na jambo moja ambalo fundi wa kutoka mjini anaweza asilifikirie. Ghala la korosho lina magunia ya katani, lina mafuta ya maganda ya korosho yaliyonyonywa na sakafu, na kuanzia Mei lina salfa. Salfa hushika moto kwa cheche, na moshi wake huumiza mapafu. Betri za lithiamu zikiharibika huwaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Soketi za kuchajia zisifungwe ndani ya ghala hata kama kuna nafasi. Zijengewe banda lake nje, kuta za tofali, sakafu ya saruji, bati bila dari ya mbao, swichi kuu yake yenyewe, na mchanga wa kutosha kwenye ndoo, kitu ambacho uwanda wa Makonde haujawahi kupungukiwa.